Nilivyoponywa Ububu Nisiokuwa Nao

Mnisamehe kwanza kwa mwandiko wangu unaolalia upande mmoja, na kwa maneno nitakayoyakosea herufi. Niliishia darasa la saba, na kuandika kwangu ni kama kupalilia: naenda mstari kwa mstari, nikichoka napumzika. Lakini nikisikia harufu ya mbao mbichi za paina, mkono wenyewe hutafuta kalamu. Harufu hiyo ndiyo iliyonipokea Kihesa, mjini Iringa, nilipokuwa na miaka tisa. Baba mkubwa alikuwa fundi seremala, na karakana yake ilikuwa mbele ya nyumba, kiasi kwamba maranda yaliingia mpaka ndani. Tuliyakuta kwenye maharage, kwenye shuka, hata kwenye nywele za mama mkubwa akienda kanisani.

Nilitoka Madibira, kwenye mashamba ya mpunga. Mwaka ule wazazi wangu walipata mavuno haba, wakaona heri nikasome kwa baba mkubwa mpaka mambo yatengemae. Nilisafiri kwenye lori la mpunga, nimebanwa kati ya dereva na utingo, mfuko wa nguo mapajani. Nyumbani nilikuwa msemaji sana, hasa kwa Kisangu. Mama alizoea kuniambia nifunge mdomo nzi wasiingie. Siku ya kwanza shuleni Kihesa, mwalimu akanisimamisha nijitambulishe. Nikasema, "Mimi jina yangu Festo. Nimekuja na gari ya mpunga." Darasa zima likaangua kicheko. Kufika mapumziko nilikuwa na jina jipya, Gari ya Mpunga, na mvulana mmoja kila nikipita alinguruma kama injini inayopanda mlima. "Pisheni, pisheni, gunia linadondoka!" Nikaamua kesho yake nisiseme neno. Kesho kutwa pia. Aibu ya siku moja ikawa ya wiki, na hapo nikagundua jambo ambalo kila mtu mwenye haya analijua: kadiri unavyonyamaza ndivyo neno la kwanza linavyozidi kuwa zito, kwa sababu siku utakayolitoa watu wote watageuka kukutazama. Nikawa natikisa kichwa na kunyoosha kidole, shuleni na nyumbani vilevile.

Mama mkubwa alipiga simu Madibira kuuliza kama nilizaliwa bubu. Mama alicheka mpaka nikamsikia nilipokuwa nimekaa. "Bubu? Huyo? Huku tulikuwa tunamwomba anyamaze!" Nilipopewa simu nikapumua tu. Basi mama mkubwa akajua kuna kitu kimenipata njiani, kimenifunga ulimi, na akaanza kufunga na kuniombea. Hakujua kwamba kila jioni, nikiwa nyuma ya jiko nawabadilishia kuku maranda, nilizungumza nao kwa Kisangu kwa sauti ya chini. Niliwasimulia habari zote za shule, na yule mvulana wa injini nikamtukana kwa raha zangu.

Baada ya miezi miwili hivi akanipeleka kwenye kikundi chake cha maombi, kilichokutana Jumamosi mchana kwenye banda la mabati. Kiongozi wao tulimwita Mtumishi. Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye viatu vya ngozi vyenye visigino vigumu. Akaniwekea mkono kichwani, akina mama wakanizunguka, sauti zikapanda mpaka mabati yakatetemeka. Katika kusogea huku na huku, Mtumishi akavikanyaga vidole vyangu na kubaki palepale, na uzito wake wote. Nikavumilia. Nikavumilia mpaka machozi yakatoka, nao walipoyaona machozi wakazidisha maombi. Mwishowe nikapiga kelele, "Baba, unanikanyaga!" Banda likalipuka kwa vigelegele. Mama mkubwa akapiga magoti. Mtumishi akarudi nyuma huku analia, akisema, "Amesema! Mmemsikia? Amesema!" Hakuna aliyeuliza nimesema nini.

Sitajifanya mtakatifu: nilipenda. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo wangu ulikuwa wa kisigino, lakini uliniletea soda kila wiki. Nilisimamishwa kutoa ushuhuda, nikasema jina langu, watu wakashangilia kana kwamba nimehesabu nyota. Shuleni jina la Gari ya Mpunga likafa, maana mama wa yule mvulana alikuwepo bandani siku ile, na alimwonya asimguse mtoto aliyeguswa na Mungu. Kila neno nililoogopa kulisema sasa lilikuwa ajabu. Ningeendelea hivyo mpaka leo kama asingekuja Mama Vumilia.

Alitoka Kilolo, akafikia kwetu kwa sababu alisikia habari zangu. Alikuja na gunia la viazi na binti yake Vumilia, mwenye miaka saba, ambaye homa ilimwondolea masikio akiwa hajajua hata kuongea vizuri. Siku ya pili nilikuwa jikoni namenya viazi, nikawasikia akina mama wakizungumza. Vumilia alikuwa amepata nafasi kwenye shule ya watoto viziwi, na alitakiwa afike baada ya wiki moja.

"Simpeleki," Mama Vumilia akasema. "Nikimpeleka ni sawa na kumwambia Mungu nimekata tamaa. Huyu Festo alisubiri miezi miwili. Wangu nitamsubiri hata miaka."

"Na ile nafasi?" mama mkubwa akauliza.

"Wampe mwingine asiye na imani."

Kisu kikanisimama mkononi. Nikatoka nje. Vumilia alikuwa amechuchumaa uani, anapanga vipande vya mbao. Nikachukua mfuniko wa sufuria, nikauangusha nyuma yake kwenye saruji. Kuku wakaruka, mbwa wa jirani akabweka. Yeye akaendelea kupanga. Baadaye aliingia karakana, akaweka kiganja juu ya meza ambayo baba mkubwa alikuwa akipigia randa, na ule mtetemo ulipompanda mkononi akacheka, kicheko kikubwa ambacho yeye mwenyewe hakukisikia. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Mimi nilikuwa na sauti nikaificha. Yeye hakuwa na cha kuficha.

Alipotoka nikabaki na baba mkubwa. Yeye hakuwa mtu wa makundi ya maombi. Alisali kanisa lake la Kilutheri Jumapili, basi.

"Baba mkubwa, Mungu anaweza kila kitu?"

"Anaweza." Hakuinua macho.

"Anaweza kumponya mtu asiyeumwa?"

Akasimamisha randa. Akachukua ubao aliokwisha kuupiga randa, akanipa. "Ninyooshee huu."

"Umeshanyooka."

"Kwa hiyo randa yangu butu?"

"Siyo butu. Hakuna kazi."

"Umejijibu." Akapuliza maranda, kisha akanitazama. "Na nani huyo asiyeumwa, Festo?"

Nikashika ufagio nikaanza kufagia maranda, ila nadhani alijua. Siku ile, kwa akili ya miaka tisa, nilitenganisha mambo mawili ambayo watu wazima wengi huyachanganya. Kuna lisilowezekana kwa sababu ni kubwa mno kwetu, kama kumrudishia Vumilia masikio. Hilo lina kazi ndani yake, na mwenye uwezo anaweza kuifanya. Na kuna lisilowezekana kwa sababu halipo kabisa, kama kumponya bubu ambaye si bubu. Hilo hata Mungu halifanyi, na wala si upungufu wake. Mama Vumilia alikuwa amelitundika tumaini la kwanza juu ya msumari wa pili, na msumari huo haukuwepo ukutani.

Asubuhi yake, tukiwa kwenye chai na viazi vya kuchemsha, nikasema bila kumtazama mtu, "Mama Vumilia, mimi sikuwa bubu."

"Wee Festo! Shindwa!" mama mkubwa akaruka. "Usimpe shetani nafasi!"

"Nilikuwa naona aibu. Shuleni walinicheka. Nilikuwa naongea na kuku."

"Na kuku?" Mama Vumilia akauliza. "Nani alikusikia?"

Sikuwa na shahidi. Nikaona ninavyoelekea kuchapwa bure, na Vumilia ananitazama mdomoni kama anayeuona uongo na ukweli kwa macho. Ndipo mama mkubwa akaweka kikombe chini. Akasema polepole, "Mimi nilimsikia. Kila jioni. Nikajiambia ni redio ya jirani."

"Redio ya Kisangu?" baba mkubwa akasema.

Mama mkubwa akajifunika uso kwa kanga. "Nilikuwa nimeshafunga siku nyingi," akasema ndani ya kanga. "Nilitaka nijibiwe."

Mama Vumilia akamvuta binti yake karibu. Kisha akaniuliza mimi, si wao: "Kwa hiyo wangu?"

"Wako hasikii kweli. Mungu anaweza kumponya, hata akiwa shuleni. Lakini usimsubirishe kwa ajili yangu."

Alifunga mizigo bila kuaga. Nilijua amenichukia, na mama mkubwa hakunisemesha siku mbili. Jumamosi alisimama mwenyewe bandani akaeleza yote. Wengine walisema pepo amerudi. Mtumishi aliomba aone vidole vyangu, akaviangalia, akasema, "Pole, mwanangu. Hiyo kweli niliifanya mimi."

Sasa nina miaka ishirini, niko Madibira, na bado nina haya. Zamani zile watu walihubiriana bandani; siku hizi wanabishana kwenye simu kama miujiza inawezekana. Mmoja husema haiwezekani, vitu vina desturi zake. Mimi nimekulia kwenye mifereji. Anayefungua lango la maji havunji desturi ya maji. Maji yanashuka kama kawaida, ila shamba lililokuwa kavu linalowa, na ndege asiyemwona mfunguaji atashangaa. Mwingine husema kila kitu ni muujiza. Huyo namwuliza kama aliangalia shamba kabla halijalowa. Miujiza inawezekana, nasema kwa kinywa kipana. Ila linalowezekana na lililotokea si jambo moja, na kati yake kuna watoto wanaosubirishwa.

Vumilia alifika shule ile zikiwa zimebaki siku mbili za ile wiki moja aliyopewa. Leo ni fundi cherehani Kilolo, na ujumbe anaonitumia kwenye simu umenyooka kuliko huu wangu. Hasikii mpaka sasa. Mama yake bado anaomba kila siku, na mwaka jana alipokutana na mimi sokoni Iringa alinishika mkono tukaomba pamoja, nami nikaitika amina kwa moyo wote. Wewe msomaji, kama umeuona muujiza, niandikie. Nitasoma taratibu na sitakucheka. Ila anza na hali ilivyokuwa kabla, uieleze kama ilivyokuwa, hata kama itakugharimu muujiza wenyewe.