Upepo wa Bomba la Moshi

Enzi za Mwingereza, pale Masuguru, Mhindi mmoja mwenye duka alikuwa na mashine ya kukoboa mpunga, na mimi ndiye niliyekuwa naiwasha. Moshi wa injini ile, wallahi, uliwapigisha kunguru chafya mpaka Handeni. Siku moja nikafunika bomba la moshi kwa kopo, mvua isiingie. Injini kuwaka tu, kopo likaruka, nikaliona linapita juu ya stesheni. Nikajiuliza: nguvu yote hii tunaitupa bure? Na kina mama wako hapa wanapepeta pumba kwa ungo mpaka mikono inakufa ganzi!

Nikalikunja bomba, nikauelekeza moshi kwenye mpunga uliokobolewa. Pumba zikatoka mbio. Wa kwanza kupepetewa alikuwa mama wa binti niliyekuwa namtaka. Jioni ile alikuwa na wageni kutoka Kwashemshi. Kesho yake akaja na sufuria ya wali.

"Shikamoo, mama."

"Shikamoo baadaye. Onja!"

Nikaonja. Dizeli tupu. Mtu angewasha kiberiti karibu, ningelipuka.

"Wageni wamekula kwa adabu tu. Na wewe ndiye unataka kunilishia mwanangu? Mwanangu si lori!"

Jamani! Sasa upepo niupate vipi bila moshi wake? Nikakata debe, nikatengeneza gurudumu la mapanga kama ya feni, nikalifunga mdomoni mwa bomba. Nondo iliyolishika katikati nikaipenyeza ukutani, na kwa ndani nikafunga gurudumu la pili. Mwanzo niliubana sana mdomo wa bomba, injini ikapaliwa, ikakohoa, ikazimika. Kumbe hata moshi unataka nafasi ya kupita! Nikalegeza. Hapo moshi ukazungusha la nje, la nje likazungusha la ndani, na ndani ukaja upepo safi kabisa.

Nikambembeleza yule mama alete mpunga kidogo tu. Akaleta, amenuna. Upepo ukapiga, pumba zikaenda, na jogoo mmoja naye akaenda. Nasikia alitua Mazingara. Mama akachota mchele, akanusa, akautafuna mbichi, akanusa tena.

"Haunuki," akasema. "Lakini mbichi si wali. Ngoja niupike."

Akaondoka bila kuaga. Siku ya pili akatuma mtu mashineni: wazee wangu waje Ijumaa, tena waje na njaa.