Kadi Zilizokauka Kanisani

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa viatu vya kanisani, nikidhani nimeajiriwa ofisini. Mwalimu wa Karakana ya Homa Bay, mzee mfupi ambaye hakuwahi kuinua sauti, alivitazama viatu vile, akanipa panga na kunionyesha ziwa.

"Ofisi yako iko pale, nyathina," akasema. Mtoto wangu, ndivyo alivyotuita sote.

Magugumaji yalikuwa yamefunika ufuo na wavuvi wakiyalaani kila asubuhi. Sisi tuliyavuna tutengeneze karatasi. Nyinyi mnaokuta kadi zimepangwa dukani, hebu sikilizeni jinsi zinavyozaliwa. Mabua hukatwakatwa, huchemshwa kwa maji ya jivu, kisha hutwangwa kinuni mpaka yawe rojo. Rojo humiminwa kwenye beseni la maji. Hapo unazamisha chekeche, yaani fremu ya mbao iliyowambwa wavu mwembamba, na kuiinua polepole. Kinachobaki juu ya wavu ndicho karatasi. Ikiwa bado mbichi unaipamba kwa petali za maua au maganda ya vitunguu vyekundu. Maganda ya vitunguu yalikuwa yangu, na sijamwona bado wa kunishinda.

Kukunja ndiko kulikomtenga fundi na mpita njia. Karatasi ya mkono ni nene, na ukiikunja kwa papara inapasuka mgongoni. Kwanza unaichora mstari kwa upande butu wa kisu, unaikunja taratibu, kisha unaulainisha mkunjo kwa pembe ya ng'ombe iliyosuguliwa ikawa laini. Ndani unashonea karatasi nyeupe ya kuandikia. Kadi iliyokunjwa sawasawa husimama mezani yenyewe. Zangu zilisimama. Sisemi hivi kujisifu. Haya, najisifu kidogo.

Nilipoiva kazini nilihamishiwa Muhuru Bay kuwafundisha akina mama wa tawi jipya. Wengi walikuwa wajane waliochoka kumbembeleza mwenye mashua awauzie omena, dagaa wa ziwa letu, na mwenye mashua hakubembelezwa kwa maneno matupu. Karakanani walipata riziki bila kumpigia mtu magoti. Niliwapenda haraka, ingawa niliwagombeza kutwa nzima.

Mkurugenzi wa mradi alikaa Migori, na tawi letu hakulipenda. Lilikuwa mbali, barabara mbovu, faida haba. Hoteli moja ya Homa Bay ilipoagiza kadi za Krismasi, alitupa sisi kazi hiyo pamoja na onyo.

"Hoteli ikizikataa, Mama Siprosa, nafunga Muhuru. Wewe nitakurudisha Homa Bay. Hao wengine sina pa kuwaweka."

Nilijua pa kuwaweka palikuwa wapi. Wangerudi kwa mwenye mashua.

Mvua za vuli zikatukamata katikati ya kazi. Karatasi ziligoma kukauka, zikaanza kuota ukungu. Ndipo Meneja wa Tawi, mzaliwa wa pale pale na mtu wa haraka, akasema kwamba nyavu za kuanikia omena ziko ufuoni na zinapitisha upepo juu na chini. Wote tulipiga makofi. Kila jua lilipochungulia tulianika huko. Karatasi zikakauka, tukakunja, tukafunga masanduku na kuyatuma Migori huku tukiimba.

Kesho yake Mkurugenzi alifika na masanduku yetu ndani ya gari lake, madirisha yote yako wazi. Akafungua moja, akanisogezea puani.

"Mama Siprosa, umenitumia kadi ama umenitumia mboga?"

Nikanusa. Wenzangu wakanusa. Tukatazamana, maana hakuna aliyesikia kitu.

"Madam," akasema Min Okoth, yaani mama yake Okoth, mkubwa wetu kwa umri, "si labda ni gari yako?"

"Gari yangu ilikuwa sawa mpaka hizi omena zenu ziingie!"

Mazoea yana taabu. Tuliishi na omena, tukala omena, watoto wetu walisomeshwa na omena. Pua zetu zilikuwa zimestaafu kabla yetu. Mkurugenzi akataka kufunga tawi saa ile ile, nami nikasimama mlangoni.

"Hoteli wanazitaka lini?"

"Jumatatu ya wiki ijayo."

"Basi hawajazikataa, Madam. Wewe ndiye umezikataa."

Akarudi garini. "Jumatatu," akasema kupitia dirishani.

Tulianza kadi upya, tukahamisha vyombo vyote hadi kanisa la mlimani, mbali na ufuo. Mchungaji alikubali kwa sharti kwamba ibada ya Jumapili isikose. Tukafunga kamba kutoka ukuta hadi ukuta, tukawasha jiko la makaa pembeni, na Jumapili alihubiri karatasi zikining'inia juu ya kichwa chake. Waumini waliimba bila kucheza wasije wakaziangusha. Yeyote aliyeshika samaki alinawa kwa sabuni na ndimu kabla ya kuingia.

Lakini nani angetunusia? Tukaazima pua ya mwalimu wa nasari, binti aliyehamia juzi kutoka Awendo, mbali na ziwa, ambaye bado aliziba pua akipita ufuoni. Alikaa kwenye benchi la mbele akapitia kadi fungu kwa fungu.

"Hii sawa. Hii sawa. Hii... yawa! Hii imeshikwa na mtu amekula omena."

Fungu hilo tuliliweka kando, tukakunja jingine. Jumatatu jioni Mkurugenzi alipiga simu, akasema neno moja tu: "Wamechukua." Akina mama walipiga vigelegele mpaka mchungaji akaja kuuliza kuna arusi ya nani. Mwaka uliofuata hoteli iliagiza tena, na habari ya kufunga tawi haikusikika tena.

Sasa nimestaafu. Vijana huniambia kwamba simu imeua kadi. Labda. Mtu hutumiwa picha ya maua asubuhi, jioni ameifuta ili simu ipate nafasi. Sijasikia aliyeifuta kadi yangu. Na wakiniuliza nilifika cheo gani, siwatajii cheo. Nawasimulia siku ambayo Mkurugenzi alikuja Muhuru akiwa peke yake, muda mfupi kabla sijaondoka kazini. Binti yake alikuwa anaolewa.

"Watu wanasema nichapishe kadi Kisumu," akasema. "Mimi nataka zitoke hapa." Akavua saa, akaketi kwenye benchi katikati ya akina mama. "Na ya kwanza nataka niikunje mwenyewe. Nifundishe."

Miaka yote alizihesabu kadi bila kukunja hata moja. Min Okoth akamsogezea kisu na pembe. Akachora mstari, akakunja, akasugua. Alipoisimamisha kadi mezani, ikaegemea upande kama mlevi. Karakana nzima wakanitazama mimi. Nilijaa fahari hadi nikaogopa kulia mbele ya wanafunzi wangu.

"Rudia, Madam," nikamwambia.

Akachukua karatasi nyingine, akarudia.