Mdundo wa Mkono wa Kushoto

Shangazi yangu alikuwa dobi wa hospitali. Sabuni ilimchubua mikono, lakini kwenye ngoma hakuna aliyemfikia. Askari walipowafukuza watu wetu kisiwani na kuchoma nyumba, yeye, msichana tu, alikimbia na ngoma mgongoni: duara la mbao lililowambwa ngozi ya mbuzi.

Bibi alipofariki alikuwa ameacha neno moja, asizikwe bila ngoma hiyo kupigwa. Sasa ngoma yetu hailii mpaka ipashwe moto. Ikipoa inalegea, ukiipiga ni kama unapiga gunia. Mwenye nyumba tuliyopanga huku ugenini alishapiga marufuku moto uani. Shangazi akauwasha.

"We dobi! Zima!" mwenye nyumba alifoka kutoka dirishani kwake, juu.

"Nazima, baba. Mama akishatoka tu."

"Mnataka kuniunguzia nyumba kama zilivyoungua zenu?"

Baba yangu hajajaliwa kunyamaza. "Zetu angalau zilikuwa na paa! Yako inavuja hadi maiti analowa!"

Waombolezaji wakaangua kicheko. Kicheko kile, Mungu atusamehe, ndicho kilichomshusha ngazi na wanawe wawili, kila mmoja na nondo. Baba alipigwa kichwani, damu ikarukia sanda. Wakaupiga moto mateke, makaa yakatuunguza miguu. Mmoja akainua nondo aipasue ngoma. Shangazi akailalia. Nondo ikashukia mkono wake wa kulia, mara mbili. Nilisikia vidole vikivunjika kama kuni kavu. Nilikuwa napiga kelele za kumwomba Mungu, na katika vurugu ile sijui kama kuna mwingine aliyenisikia.

Majirani waliwatimua kwa mawe.

"Dada, twende hospitali," baba akasema, kitambaa kichwani kimelowa.

"Ngozi inapoa. Mbebeni mama."

Akaikumbatia ngoma kwa mkono uliovunjika, akapiga kwa wa kushoto. Mdundo ulichechemea: mmoja mzito, halafu kimya pale mkono wa kulia ulipotakiwa kujibu, halafu mwepesi. Tulitembea hivyo hivyo, tukisitasita, hadi kaburini. Bibi alizikwa na ngoma yake ikilia.

Vidole havikunyooka tena. Watoto waliozaliwa huku aliwafundisha yeye, nao wanaliacha pengo lile kwa heshima kubwa, wakiamini ndivyo kisiwa kilivyopiga. Nilimwuliza Shangazi mbona yeye hawarekebishi.

"Waache," akasema, akikunja shuka kwa mkono mmoja na meno. "Na hilo ni letu."