Mlango wa Mninga Kwenye Mikoko ya Mbwera

Mume wangu alikuwa seremala wa milango, na hakupenda mbao yoyote kama ya mninga. Mwanzoni mwa ndoa yetu alinionyesha gogo lililokatwa siku ile, likichuruzika utomvu mwekundu.

"Usiogope," akaniambia. "Leo unatoka damu, lakini ukishakauka hakuna mti mpole kama huu. Haupindi, haupasuki, na mchwa hawautaki."

Mbao zake alizianika kivulini, juani kamwe. Nilipofagia maranda, harufu yake tamu ilinifuata mpaka jikoni.

Nilikuwa na mimba kubwa vita vya Maji Maji vilipofika upande wetu wa Mtawanya. Habari zikaja kwamba askari wa Mdachi wanachoma nyumba na maghala. Mama mkwe alifunga mchele kwenye kanga. Mume wangu akaanza kung'oa mlango wetu.

"Watu wanaponya roho zao, wewe unabeba mlango?" mama yake akamwuliza.

"Nyumba nitajenga nyingine, mama. Mninga kama huu sitaupata tena."

Nilikasirika, sikumficha. Aliubeba kichwani hadi mtoni, akaulaza ndani ya mtumbwi, nikakaa juu yake. Tukateremka hadi kwenye vijito vya Mbwera, tukajificha.

Siku zile nazikumbuka kama niliziota. Maji yakipanda, mikoko ilionekana kama inatembea. Kaa wekundu walikwea mizizi, wakatutazama. Hapakuwa na pakavu hata pa kuweka kikapu.

Asubuhi moja uchungu ukanishika, na maji yanajaa. Mume wangu akaufunga mlango juu ya mizizi kwa kamba za ukindu, ukawa kitanda. Mama mkwe akanilaza.

"Shika hapo kwenye nakshi, mwanangu. Vuta pumzi."

Nikayashika maua aliyoyachonga mume wangu. Chini ya mgongo wangu maji yaligonga ubao polepole, kama mgeni anayepiga hodi. Jua lilipofika utosini nikajifungua binti. Baba yake akamwadhinia sikioni kwa mnong'ono, askari wasije wakasikia.

Tuliporudi Mtawanya, nyumba ilikuwa majivu. Mlango ulikuwa umelowa maji ya chumvi na kuchomwa na jua miezi mingi. Mume wangu alipitisha kiganja ubaoni, akainama kuutazama kwa jicho moja, akacheka. Ulikuwa umenyooka vilevile. Akaujengea nyumba ndogo ya udongo.

Mama mkwe hakuiona. Njaa iliyofuata vita ilimchukua tukiwa bado njiani. Kila jioni alinisogezea chungu na kusema yeye ameshakula, nami nikamwamini, maana nilikuwa nanyonyesha na njaa inaniuma. Hakuwa amekula. Nililijua hilo siku tuliyomwosha, nilipouinua mkono wake nikauona mwepesi mno.