Waya wa Pasi Niliouzika Ukutani

Kabla ya kuumia nilikuwa mwalimu wa sayansi Masasi. Niliishi Mkomaindo, katika nyumba ya miti na udongo yenye taa moja ya umeme sebuleni. Nilikuwa mzima wa mwili, na nilikuwa na kiburi.

Wakati huo Msumbiji kulikuwa na vita. Tuliambiwa taa zisionekane nje, ndege za Wareno zisije zikatuona. Nikaamua kusahihishia madaftari stoo, kwa kuwa haikuwa na dirisha. Ili nivute umeme wa taa huko, nikakata waya wa pasi, nikatoboa ukuta, nikaupitisha, kisha nikaufunika kwa udongo.

Mzee Saidi, fundi umeme wa mtaani, aliniona.

"Mwalimu, waya laini haufichwi ukutani. Wa ukutani hupita ndani ya bomba. Huo mchwa watautafuna."

"Mzee, uliishia darasa la ngapi?"

"La nne."

"Basi niachie mimi."

Mke wangu, Mama Zainabu, aliinamisha uso kwa aibu.

Masika yakaja, ukuta ukalowa na kumomonyoka. Jioni moja, taa ikiwaka, nikakoroga udongo na kuanza kukandika, miguu mitupu. Kiganja kikanasa kwenye waya. Sikuweza kupiga kelele. Meno yalikuwa yamebana ulimi. Nilisikia harufu ya nyama ikiungua, nayo ilikuwa yangu. Nilijikojolea. Mama Zainabu akatoka jikoni na mchi, akanipiga mkono kwa nguvu zake zote mpaka nikabanduka.

Hospitalini daktari aliuliza, "Kuungua naona. Mfupa nani kauvunja?"

"Mimi, kwa mchi."

"Umefanya vizuri, mama. Ungemshika, ningepokea maiti mbili."

Vidole viwili vya mkono wa kulia viligeuka vyeusi, vikatoa usaha, vikakatwa.

Kisha Mzee Saidi akaja kunitazama, ameshika ule waya. Alikuwa ameuchimbua. Mchwa walikuwa wamekula mpira, shaba iko nje.

"Shikamoo, mwalimu wa umeme," alisema, yeye aliyelingana umri na baba yangu.

Nililia. "Shikamoo ni yangu kwako, mzee. Nisamehe."

"Marahaba. Waya umeliwa upande wa stoo, pale mwanao anapolala mchana."

Zainabu alikuwa na miaka miwili. Hasira niliyoipata siku ile, ya kujichukia mwenyewe, haijaniisha.

Mfupa uliunga. Nilijifunza kuandika kwa mkono wa kushoto, nikarudi darasani. Namshukuru Mungu, namshukuru mke wangu. Nanyi mnaonisoma, waya laini ni wa kuonekana kwa macho, ili ukichubuka ujue. Kama umeupitisha ndani ya ukuta, zima swichi kuu leo hii, uutoe, umwite fundi.

Juzi nilikwenda Newala kwa mjukuu wangu, baba wa watoto watatu. Nikakuta waya laini umeingia ukutani na kupigwa plasta juu.

"Babu, ni wa televisheni tu!"

Nilizima swichi kuu, nikachukua sururu, nikaubomoa ukuta wake mpya. Amenuna mpaka leo. Na anune, wanawe wazima.