Mwisho Uliosemwa kwa Mdomo

Siku niliyobishana na mama mzee wa Kimarekani kuhusu filamu ya kwao, nilikuwa nimeketi miguuni pake nikikunja taulo. Kazi yangu hapa Louisville ni kuwahudumia wazee majumbani mwao. Huyu amepita tisini, anaishi kwenye nyumba ya matofali, mwendo wa basi moja tu kutoka Beechmont ninakokaa. Akishakula chakula cha mchana hataki mazungumzo. Anataka filamu za zamani, zile zisizo na rangi, ambamo kila mwanamume ana kofia na kila mwanamke ana jambo la kulilia.

Alasiri hiyo nilisikia tarumbeta za mwanzo, nikainua kichwa. Kwenye televisheni palikuwa na jukwaa lenye mabendera. Nyuma ya nguzo alisimama mwanamke mwenye glavu nyeupe. Niliijua filamu ile. Niliitazama mara kumi na moja kambini Tanzania, tulikokimbilia kutoka Kivu, bila kusikia hata neno moja la Kiingereza chake.

Kambini tulikuwa na kibanda cha video, miti na turubai, na ndani yake kijana mwenye maikrofoni aliyetutafsiria filamu huku inaendelea. Sauti ya filamu iliteremshwa, yake ikapanda. Kiingereza hakukijua, na sisi tulijua kwamba hakijui. Alichokijua ni nyuso za watu. Alikuwa akitazama mdomo wa mtu, mabega yake, jinsi alivyoshika kofia, halafu anasema, kwa Kiswahili chetu cha Kongo kilichochanganyika na Kifaransa, "Donc, huyu papa anaogopa. Anaficha kitu." Na kweli baadaye kitu kilionekana.

Kisa chenyewe, kama mama mzee alivyonisimulia, ni hiki. Mwanamume anagombea ugavana akiahidi kuwafukuza wala rushwa. Kwa siri ameoa msichana anayefanya kazi ya kufua nguo. Wakubwa wanaotaka kujenga daraja kwa saruji mbovu wanamwambia kwamba akitaka kiti awe kapera, maana binti wa tajiri anamngoja. Naye anakubali yote mawili, saruji na ukapera. Mkewe anaambiwa akae kimya mpaka uchaguzi upite.

Yule kijana wetu alibahatisha karibu yote, isipokuwa daraja. Kwake yeye wale wakubwa wenye tumbo walikuwa wanaiba unga wa posho na kuuza nafasi za watu kwenye orodha ya safari. Kibanda kilipiga kelele! Siku moja mkubwa mmoja wa kambi alituma watu wafunge kibanda kwa wiki mbili, maana alijitambua mwenyewe ndani ya filamu ya Wazungu. Tulicheka mpaka tukaishiwa nguvu.

Tatizo lilikuwa CD. Ilikuwa na mkwaruzo, na kila mara ilikwama mahali palepale, mwanamume akiwa jukwaani, mkono juu, uso umevunjikavunjika. Basi kijana anazima televisheni na kusema, "Bon. CD imekatala. Mi nitabamalizia na mdomo." Halafu anamalizia: mwanamume anashuka jukwaani, anapita katikati ya watu, anamshika mkono mwanamke wa nyuma ya nguzo, anampandisha mbele ya wote na kusema, "Huyu njo muke yangu. Kura zenu, mkitaka, mukamate."

Mara ya kumi na moja aliyasema hayo akinitazama mimi. Watu wote kibandani waligeuka kuniangalia. Nilitamani ardhi ipasuke, na papo hapo nilitamani aseme tena.

Mimi na yule kijana tulifunga ndoa nyumbani kwa mama yake, mchungaji na wazee wawili, pazia limeshushwa, bila ngoma wala kigelegele. Faili lake la kwenda Amerika lilikuwa limeshafunguliwa, yeye na mama yake tu. Kuongeza mke kulimaanisha kuanza upya, na mama yake alikuwa mgonjwa wa kuhitaji hospitali kubwa. Maafisa wa safari walipomhoji alisema hana mke. Nilimruhusu. Nasema hili wazi hapa ili mtu asije akadhani nilidanganywa.

Akapelekwa Buffalo. Miaka mitatu baadaye nami nikaletwa Louisville na wazazi wangu, nikiwa msichana asiyeolewa kwa mujibu wa karatasi. Niliposhuka kwenye ndege niliwaza kwamba mwezi hautaisha kabla sijawa jikoni kwake. Nikampigia simu siku hiyo hiyo.

"Ngoja kwanza uraia," akasema. "Nilishaapa niko mwenyewe. Bakifungua faili, tutafanya je?"

Nikamwambia tuoane upya hapa, kortini, kama watu waliokutana jana. Akasema uongo wa pili utauamsha wa kwanza. Wanasema subira yavuta heri. Mimi niliivuta hiyo subira mpaka mikono ikachubuka, na heri sikuiona.

Tulichokuwa nacho ni Columbus. Iko katikati ya njia, karibu zaidi na kwangu. Huko, mtaa wa Linden, alikuwapo mama mmoja aliyekuwa jirani yetu kambini, mjane asiye na maneno mengi, ambaye alitupa chumba chake cha nyuma kila baada ya miezi miwili. Nilinunua sahani mbili zenye ukingo wa bluu, nikaziweka kabatini kwake. Jumamosi nilipika sombe, yaani kisamvu, na ugali, tukala. Mchana tulitembea mpaka dukani tumeshikana mikono, kwa sababu hakuna aliyetujua. Pale dukani alikuwa akiwatazama watu kwenye foleni na kunitafsiria kwa sauti ndogo: "Donc, huyu mama anamwambia bwana yake, ukinunua tena bia, utalala na mbwa." Nilijikaza nisicheke. Columbus ndio mji pekee ambako nimewahi kuwa mke wa mtu.

Jumapili jioni kila mmoja alipanda basi lake. Wiki zilizofuata ningeweza kuvumilia kukosa vitu vikubwa. Vilivyoniumiza ni vidogo, kama kusimama kwenye foleni peke yangu, nikiwatazama watu wasio na wa kuwatafsiri.

Basi, alasiri ile kwa mama mzee, mwanamume alipopanda jukwaani nilimwambia, "Sasa ndipo anaposhuka kumchukua mkewe."

Mama mzee akanitazama. "Nani? Huyu? Hashuki."

"Anashuka," nikasema. "Anamtaja mbele ya watu. Nimeiona mara kumi na moja."

"Mwanangu, mimi naiona tangu nikiwa msichana."

Nilimkatalia. Nilimkatalia mzee wa watu kwenye kochi lake, taulo mkononi, kwa hasira kabisa. Naye hakubishana, aliongeza sauti ya televisheni tu. Hapa hapakuwa na CD ya kukwama. Mwandishi wa gazeti alimwonyeshea kidole mwanamke wa nyuma ya nguzo, akauliza ni nani. Mwanamume alitazama, akatabasamu, akasema, "Huyo? Alikuwa akinifulia mashati." Watu wakashangilia. Mwanamke akavuta glavu zake vizuri, kidole kimoja kimoja, akaenda stesheni.

Nilikwenda jikoni nikaosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

Jumapili nilimpigia mume wangu. "Ile filamu, ulikuwa unajua mwisho wake?"

"Ningejuaje? CD ilikatala."

"Sasa ule wako uliutoa wapi?"

"Nilikuwa nakuangaliya weye," akasema.

Nililia kwa furaha. Nilijiambia kwamba mwisho ule si wa Wamarekani, ni wake mwenyewe, ameutunga kwa ajili yangu, na mtu hasahau alichokitunga.

Uraia wake ulitoka majira ya kuchipua. Kanisa lake likamwandalia sherehe, Jumamosi mchana, kwenye ukumbi wao huko Buffalo, mtaa wa Lower West Side. Akaniambia, "Kuja. Utaona." Maneno mawili tu, lakini nikayabeba wiki nzima kazini, kwenye basi, hata nikiwa nambadilishia mama mzee soksi. Nilishona nguo ya kitenge cha njano. Kwa mara ya kwanza nilipita Columbus bila kutoka kituoni.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Mama yake, ambaye alikuwapo siku ya ndoa yetu, alikaa mbele na bendera ndogo mkononi. Mimi nilipata kiti nyuma, karibu na nguzo. Sikukichagua, ndicho kiti kilichobaki. Mume wangu alishika maikrofoni vilevile kama zamani, kidole gumba juu yake. Akamshukuru Mungu. Akamshukuru mama yake, mchungaji, kwaya, wenzake wa kiwandani, na jirani aliyemfundisha kuendesha gari. Hakumwacha mtu.

Halafu mchungaji, kwa mzaha, akasema, "Bon, sasa uko raia, tuonyeshe muke!" Ukumbi ukacheka. Mama mmoja wa mbele akageuka na kuuliza kwa sauti, "Na ule wa kitenge ya manjano, ni nani?"

Mume wangu akanitazama. Naujua mtazamo ule. Niliujua tangu kibandani, na nikaanza kuinuka kabla hajasema.

"Ule ni dada yetu wa Louisville," akasema. "Tulikuwa naye mu kambi."

Wakanipigia makofi. Kwa kuwa nilikwisha kuinuka, niliinamisha kichwa kama mgeni anavyopaswa, nikaketi. Mama yake alikuwa akiitazama bendera mikononi mwake.

Mume wangu alinikuta mlangoni nikivaa koti. "Vumilia kidogo," akasema polepole. "Leo batu walikuwa bengi."

"Hata kwenye filamu walikuwa wengi," nikamjibu.

Akashika kishikio cha mlango kana kwamba anataka kunifungulia, akakiacha. Nilisubiri. Kama angesema neno lolote wakati ule, hata la uongo, ningebaki.

Nikirudi nilishuka Columbus. Mama wa Linden alinifungulia bila kuuliza. Nilifungua kabati, nikachukua sahani moja, nikaizungushia sweta langu.

"Na hii ingine?" akauliza.

"Mwenyewe atakuja."

Simu ya mume wangu bado inaita Jumapili. Sijaipokea, wala namba sijaifuta. Inaita mpaka inanyamaza, nami nakaa nikiitazama kama mtu anayesubiri chungu kichemke.

Wiki iliyopita filamu ile ilionyeshwa tena. Nilitaka kutoka kwenda kukunja nguo, lakini mama mzee alinishika mkono wa gauni. Tuliitazama pamoja, saruji, wenye tumbo, binti wa tajiri, mpaka mwanamume akapanda jukwaani na kuinua mkono. Hapo mama mzee akachukua rimoti na kuzima televisheni.

"Malizia ile yako," akasema.

Nikajaribu kwa Kiingereza. Haikuja. Nikainuka, sijui kwa nini, nikashika ile rimoti karibu na mdomo na kuanza kwa Kiswahili, Kiswahili chetu cha kibandani, donc hapa na bon pale. Nilimshusha mwanamume jukwaani. Nilimpitisha katikati ya watu, hatua moja moja, sikumharakisha. Nilimfikisha kwenye nguzo. Nilimpa mkono wa mwanamke aushike. Nilipofika kwenye yale maneno, niliyasema yote.

Mama mzee hakuwa ameelewa hata neno moja. Alinitazama usoni muda mrefu.

"Alimtaja?" akauliza.

"Alimtaja, mama," nikamwambia. "Mbele ya watu wote."