Bamba la Shaba Nililolisugua

Ipo Jumatano moja, mwanangu, ambayo kumbukumbu yangu haijaiachilia hata leo. Nilikuwa mwalimu mgeni katika shule moja pembeni mwa mji wa Kitale, kijana wa miaka ishirini na mitatu, nikidhani kwamba kutii haraka ndiyo heshima kuu kuliko zote.

Nimeikumbuka upya kwa sababu ya mjukuu wangu. Juzi aliniletea simu yake anionyeshe ujumbe uliodai ati mwakani motokaa zitaendeshwa kwa moshi. Nikamuuliza ni nani aliyepima. Akacheka. "Kuka, babu yangu, wewe hata ukiambiwa ni saa sita utatoka nje uangalie jua!"

Ni kweli, nitatoka. Sikuzaliwa hivyo.

Niliketi nikasoma maandishi ya watafiti wenyewe. Nikaona kwamba ndani ya porojo ile mna chembe ya ukweli: wapo wanaotumia mwanga wa jua na metali za kawaida, kama shaba, chuma na nikeli, kuigeuza hewa ya kaboni, ile ile tunayoitoa puani, iwe kitu kinachowaka. Kazi hiyo bado ni changa, na hakuna anayeniahidi motokaa mwakani. Lakini nilipofika kwenye neno shaba, nilivua miwani nikashindwa kuendelea.

Katika shule ile alikuwepo Mwalimu Nasimiyu, mzaliwa wa Chwele, aliyenizidi umri kwa miaka kumi na kitu. Alifundisha kemia. Likizo nzima alikuwa amepasha vipande vya shaba moto juu ya jiko la makaa, akitafuta utando mwekundu uliokolea ambao huota juu ya shaba iliyoungua kwa kiasi. Vingi vilibanduka utando vikipoa. Kimoja tu, bamba la ukubwa wa kiganja, kilishika utando wake. Hilo alilizamisha ndani ya maji ya magadi, akapitisha humo hewa ya kaboni iliyotoka katika chungu cha pombe ya busaa kinachochacha, kisha akaliweka juani dirishani. Kila jua lilipotoka nyuma ya wingu, mshale wa kipima umeme alichokiunga nalo kwa waya ulisogea.

"Mahindi yanaifanya kazi hii kila siku hapa Kitale, na hayana digrii," aliniambia. "Yanakula hewa na jua, yanatupa ugali. Kwa nini shaba isitupe moto wa kupikia?"

Walimu wenzetu walimwita mpika busaa wa maabara. Hakujali. Aliandika vipimo vyake katika daftari, na mtaalamu mmoja aliyelisoma akakubali kuja kujionea. Akiridhika, angemwandikia barua ya kumpatia nafasi ya masomo ya juu. Nasimiyu alikuwa ameomba nafasi hiyo mara mbili akanyimwa. Hiyo ilikuwa ya tatu, na alijua haitakuwepo ya nne.

Jumatano hiyo alikwenda Bungoma kumpokea mgeni wake stesheni. Kutoka huko alipiga simu ofisini kwetu. Karani akapokea, akamwambia mlinzi wetu, Barasa, naye Barasa akanijia mbio.

"Mwarimu, karani amesema ati ile bamba ya Mwarimu Nasimiyu isuguriwe. Wageni wanakuja saa hii, bana!"

Sikuuliza neno. Nilikunja mikono ya shati, nikachota jivu na mchanga, nikalisugua bamba lile kama mama yangu alivyonifundisha kusugua sufuria kule Sirisia, ambako sufuria yenye weusi huwa aibu ya nyumba nzima. Nilisugua mpaka nikayaona meno yangu ndani yake.

Barasa alisimama mlangoni akinitazama. "Mwarimu, ukioa wewe, bibi yako atakaa bure tu!"

Tukacheka sote wawili. Mwanangu, kicheko kile hunirudia nikiwa kanisani, nikiwa shambani, popote.

Nasimiyu aliingia alasiri akiwa na mgeni wake, akieleza huku anatembea. Alipolifikia dirisha aliliinua bamba, lililokuwa likimeta bila utando. Hakupaza sauti.

"Nani amefanya hivi?"

"Ni mimi, Mwalimu. Niliambiwa."

"Na nani?"

"Barasa."

"Barasa aliambiwa na nani?"

"Karani."

"Na karani anakaa wapi?"

Nikanyoosha kidole. Ofisi ilionekana kupitia dirisha lile lile, ng'ambo ya uwanja wa mpira.

"Ulichoka miguu?"

Nilikwenda ofisini nikiwa nimechelewa. Katika daftari la simu, kwa mwandiko safi, karani alikuwa ameandika: *Bamba lisiguswe.* Lisiguswe! Barasa alisikia lisuguliwe. Silabi chache tu, na uwanja mmoja wa mpira ambao sikuuvuka.

Nasimiyu alipasha bamba jingine mbele ya mgeni. Likabanduka. Akapasha la pili, nalo vivyo hivyo. Yule mtaalamu hakuwa mtu mbaya. Alisema, "Daftari lako nimelisoma, Mwalimu. Lakini nilikuja kuona." Akaondoka. Barua haikuandikwa.

Sidai kwamba alikuwa amefaulu. Huenda mshale ulisogea kwa sababu nyingine, na huenda hewa ile haikugeuka kitu chochote. Sijui, wala hakuna ajuaye, na hilo ndilo kosa langu: nilimnyima mtu jibu la swali lake.

Na liko jingine baya zaidi. Mwalimu mkuu alipouliza kilichotokea, nilisema Barasa hajui Kiswahili. Barasa akakaripiwa mbele ya walimu wote, akakubali lawama kwa kuinamisha kichwa, nami nikakaa kimya kitini. Mtu ambaye kosa lake lilikuwa kusikia vibaya akaibeba aibu ya mtu ambaye hakusikiliza kabisa.

Nilihamishwa mwaka uliofuata. Kila Krismasi nilijiambia nitakwenda Chwele nimwombe radhi Nasimiyu, nami kila Krismasi nikapata udhuru. Miaka ikapita. Siku moja nikasikia sokoni Bungoma kwamba amefariki. Nilikuwa tayari mtu asiyeamini ya kusikia, kwa hiyo nilipanda bodaboda hadi kwao kuhakikisha. Safari hiyo, walichosema watu kilikuwa kweli. Barasa sikumpata kamwe.

Basi sikiliza, mwanangu. Usitende jambo juu ya kazi ya mtu mwingine kwa neno lililopita vinywani; mtafute aliyelisema, ulisome lilipoandikwa. Usidhani kwamba kila kisichong'aa ni uchafu. Uliza kwanza kimewekwa hapo kwa nini. Usidharau jaribio la mtu kwa kuwa linanuka busaa. Na ukikosea, usimtafute mnyonge wa kumtwika kosa lako, wala usingoje Krismasi.

Mungu akubariki katika masomo yako na katika jasho lako. Akupe subira ya kuhakikisha, na ulimi mwepesi wa kukiri. Na yeyote utakayemkosea, Mungu akujalie umfikie angali hai, awe na uwezo wa kukukatalia au kukusamehe.